Mashahidi Niliowanunua kwa Jina la Baba

Siku simu iliponyamaza ofisini kwangu, mwanangu, ninaikumbuka kuliko siku yoyote ambayo simu hiyo ililia. Ilikuwa ofisi ya chumba kimoja pale Sekei, yenye meza mbili, picha ya Mlima Meru ukutani, na benchi nje ambapo wapagazi walikaa kusubiri kazi. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa wageni, na asubuhi kama hizo nilizoea kupokea simu huku chai ikipoa. Asubuhi ile niliinywa chai ikiwa ya moto, kikombe kizima, bila kusumbuliwa na mtu. Nikajua kuna jambo.

Acha nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mtoto wa mfugaji na mkulima wa Ngaramtoni, magharibi ya mlima. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikabeba mizigo ya wageni mlimani, kisha nikawa mwongozaji. Biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, na kila aliyepata gari la zamani akaweza kujiita kampuni, nami nikaanzisha yangu. Sikuwa na jina la kuipa. Baba yangu akasema, tumia langu. Alisema hivyo kama mtu anayekuazima fimbo ya kutembelea, bila sherehe yoyote. Lakini aliweka sharti: jina lake lisipigiwe kelele stendi.

Miaka ile stendi ya mabasi ilijaa vijana waliowakimbilia wageni kabla hawajakanyaga chini, kila mmoja akiitaja kampuni iliyomtuma, na wengi wao mlima walikuwa wakiuona kwa mbali tu, kama wewe unavyouona dirishani. Baba hakuwapenda. Yeye aliuza ng'ombe mnadani Ngaramtoni, na alikuwa na namna yake. Dalali hakumgusa ng'ombe wake. Alikwenda mnadani na jirani aliyechunga naye, na mnunuzi akiuliza habari za mnyama, jirani ndiye aliyejibu, pamoja na ubaya wake: huyu hupiga teke akikamuliwa, huyu aliwahi kuumia mguu wa nyuma. Waliouziwa walirudi kununua tena, na mimi mtoto nilishangaa kwa nini mtu autaje ubaya wa ng'ombe anayetaka auzwe.

Basi sharti la stendi nililishika. Sikuajiri mpiga debe hata mmoja, na nilijisifu kwa hilo mbele ya kila mtu. Nadhani nilijisifu kupita kiasi, ndiyo maana sikuona siku nilipolivunja.

Tovuti yetu ilitengenezwa na Naishiye, binti wa kaka yangu mkubwa, aliyesomea kompyuta chuoni. Aliandika mambo kama yalivyo: kwamba safari ni ndefu, kwamba unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kwamba usiku kule juu baridi haina mchezo. Wageni walikuja, si wengi, lakini walikuja. Shida ni kwamba mtu akiandika kwenye injini ya kutafutia kwamba anataka kupanda Mlima Meru, sisi tulitokea nyuma sana. Wa kwanza alikuwa Mama Ndeshi, Mchaga wa Machame, mwenye kampuni upande wa pili wa barabara ileile. Kila asubuhi alinisalimia kwa utani. "Jirani, wageni wameniuliza njia ya kwako. Nimewaambia wanyooshe tu mpaka ukurasa wa tano, wasichoke."

Nilicheka naye, nikaingia ndani, na kicheko kikaishia mlangoni.

Ndipo akaja Gilbert, kijana mwenye tai na maneno matamu, aliyepita ofisi kwa ofisi akisema anajua siri za injini hizo. Alinieleza kwamba tovuti nyingine inapoweka linki ya kumpeleka msomaji kwako, injini huhesabu kwamba huyo amekutolea ushahidi. Ukiwa na mashahidi wengi, unapanda juu. Yeye angeniletea mashahidi maelfu. Tena angejaza chini ya kurasa zetu majina ya hoteli, mbuga na milima yote ya kaskazini kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili injini isome na binadamu asione. Na kwa kuwa tulikuwa na wageni wachache wa kutusifu, angetutungia wengine.

Naishiye aliponisikia nikifurahia, aliuliza swali moja tu: hao mashahidi ni kina nani? Nikamwambia amesoma mpaka amekuwa mwoga. Akaendelea na kazi yake. Mwanangu, nimesema maneno mengi ya kipuuzi maishani, lakini hilo ndilo ningependa kulirudisha mdomoni.

Maana mwanzoni Gilbert alionekana mkweli. Tulipanda mpaka ukurasa wa kwanza. Simu ikawa hailali. Nikaongeza gari, nikaajiri vijana wengi zaidi wa kubeba mizigo, wengine wakaacha vibarua vyao mashambani kwa kuniamini mimi. Siku ya mavuno kanisani, kwenye mnada wa baada ya ibada, niligombea jogoo mmoja kwa bei iliyomfanya hata mnadishaji aniulize kama nimesikia vizuri. Mama Ndeshi naye aliacha utani. Nilidhani amenyamazishwa na wivu.

Kisha ikaja asubuhi ile ya chai ya moto.

Nilimwita Naishiye. Akaandika kwenye injini kile ambacho wageni huandika. Hatukuwepo. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Hatukuwepo. Mwishoni akaandika jina lenyewe la kampuni, jina la baba yangu, na hapo ndipo zikaja: kurasa za kamari, za dawa za nguvu za kiume, kurasa zilizojaa maneno yasiyo na maana, na kila mahali katikati yake, jina la mzee wangu. Hao ndio waliokuwa mashahidi. Injini ilikuwa imewatambua, ikatuondoa sisi kwa sababu yao.

Ilikuwa siku ya mnada Ngaramtoni, na baba alikuwa na desturi ya kuteremka mjini mnada ukiisha ili anywe chai na mimi. Akaingia na blanketi lake begani. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitika, akatuangalia usoni mmoja mmoja, akauliza kumekufa nani. Hakujua Kiingereza wala kompyuta, lakini jina lake alilijua kulisoma, na lilikuwa pale kwenye kioo. Akataka aambiwe. Naishiye akamweleza polepole, kwa Kimaasai, bila kunifunika na bila kunichoma.

Baba akanigeukia. Kisha akaniuliza mimi.

"Hawa watu wananijua?"

"Hapana, baba."

"Wewe unawajua?"

"Siwajui."

"Nilikupa jina," akasema. "Sikukupa ruhusa ya kulipeleka kwa watu nisiowajua. Nenda ukalitoe huko lilipo, ulirudishe nyumbani."

Hakupaza sauti. Alimaliza chai yake na kurudi Ngaramtoni.

Nilimtafuta Gilbert. Hakuonyesha mshangao hata kidogo. Akasema mambo hayo hutokea, na dawa yake ni rahisi: tulitupe jina lile, tuanze tovuti nyingine kwa jina jipya, naye atatuletea mashahidi wapya. Nilipokataa, akaja na lingine. Kama zile linki chafu zilituangusha sisi, alisema, basi tuzielekeze kwa Mama Ndeshi, naye aanguke, nafasi ibaki wazi. Alilisema hilo akitabasamu, kama anayekukaribisha chakula.

Sitakudanganya, mwanangu. Wazo hilo nililizungusha kichwani kuanzia ofisini kwake mpaka Sekei, na njia si fupi kwa miguu. Nje ya ofisi niliwakuta wapagazi kwenye benchi. Mkubwa wao, Mbayani, akaniambia, "Mkuu, tulidhani wageni wameuchoka mlima. Au mlima ndio umetuchoka sisi?" Wakacheka, na vicheko vyao vilikuwa vya watu wasio na uhakika wa mwezi ujao. Nikakaa nao kwenye benchi nikawaeleza yote, nikianzia kwenye wivu wangu. Hakuna aliyecheka tena. Mbayani akauliza kama kuna la kufanya. Nikasema lipo, ila litachukua muda, na kwa sasa wachukue kazi popote watakapoipata, hata ng'ambo ya barabara.

Kisha nikavuka barabara hiyo mwenyewe. Nilimwambia Mama Ndeshi kwamba kuna kijana anazunguka akitoa huduma ya kuwaangusha watu, achunguze mara kwa mara ni nani wanaoielekezea tovuti yake linki, na akiona asiowafahamu asipuuze. Alinisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Huyo wa tai? Alikuja kwangu kabla hajaja kwako. Nilimwambia ashuke ngazi taratibu, asije akaanguka," akasema. "Nilipoona umepanda ghafla nikajua umempokea. Nikaona nikikutania tena nitakuwa nakutukana."

Kumbe ule ukimya wake ulikuwa heshima, na mimi nilikuwa nimeuita wivu.

Kazi ya kulirudisha jina nyumbani tuliifanya mimi na Naishiye. Kwanza tulifuta herufi zote nyeupe na sifa zote za kutungwa. Kisha tukamwandikia mwenye kila tovuti iliyobeba linki ya Gilbert, kwa adabu, tukimwomba aiondoe. Wengine waliondoa siku hiyohiyo. Wengine walidai walipwe kwanza, tukawaacha. Wengi hawakujibu, labda hapakuwa na mtu wa kujibu. Hao tuliwataja kwa injini yenyewe, tukasema hatuwatambui na tunaomba wasihesabiwe upande wetu. Tulikuwa waangalifu tusimkane pia mtu mwema: mwalimu mmoja wa kigeni alikuwa ameandika kwa hiari yake habari za safari yake na kikosi cha Mbayani, na linki yake ilikuwa imezama kati ya takataka. Naishiye aliifurahia kama mtu aliyeokota pete.

Mwisho ilibidi kuwaandikia wenye injini maelezo ya kilichotokea, ili waturudishe. Naishiye aliandika kwamba kampuni ilidanganywa na wakala. Ilikuwa njia laini, na ingeweza kupita. Nikamwomba aniachie kiti. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne niliandika kwamba nililipa nikijua, kwamba nilionywa na mtu wa nyumbani kwangu nikamdharau, na nikaeleza tulichofuta na tulichoshindwa kufuta. Naishiye alirekebisha vitenzi vyangu, lakini sentensi ile ya mtu wa nyumbani hakuigusa. Aliniambia tu, "Baba mdogo, hii sasa ina ubaya wa ng'ombe ndani yake." Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu simu inyamaze.

Walitukataa mara ya kwanza, kwa sababu bado kulikuwa na linki tulizoziruka. Tukarudi kazini. Jibu la kutukubali lilikuja wakati wa mvua za vuli, msimu ukiwa umekwisha. Halikuturudisha ukurasa wa kwanza. Lilitufanya tuonekane tu, nyuma, tulikostahili. Nikuambie ukweli, sijawahi kujivunia nafasi kama nilivyojivunia ile ya nyuma, maana kila aliyetuelekezea linki tulikuwa tunamjua kwa sura.

Kwenye msimu uliofuata, wageni wa Mama Ndeshi walizidi watu wake. Bila kuombwa, aliandika kwenye tovuti yake kwamba kwa Mlima Meru anawatambua hawa wa ng'ambo ya barabara, wana wapagazi wazuri, ila gari lao moja lina kelele. Akaweka linki. Baba alipoteremka tena, Naishiye akamsomea maneno hayo, pamoja na yale ya kelele.

"Huyu mama ananijua?" baba akauliza.

"Anakujua, babu. Aliwahi kununua ndama kwako."

"Yule mwenye doa jeupe," akasema. Akafikiri. "Jirani yangu alimwambia ndama huyo huchelewa kunywa maji. Basi, huyu mmoja anatosha." Akasogeza kikombe chake nimwongezee chai, na simu ikalia, na nikaiacha ilie mpaka nilipomaliza kumimina.

Baba amelala sasa huko Ngaramtoni, na jina lake bado liko mlangoni. Mbayani ana wajukuu, na wawili wao wanapanda mlima kwa jina hilo. Tovuti inaongozwa na Naishiye, na kuna miaka tumekaa juu na miaka tumekaa chini, na kote tulistahili. Ninaposimama nje na kulitazama bango lile, ninasimama wima.

Kwa hiyo nawe, mwanangu, unayefungua duka lako kwenye kioo cha simu, sikia ninalokuomba. Anayekuahidi maelfu ya kukusifia, muulize ni kina nani, na usikubali jibu lisilo na majina. Angalia kila mara nani anakuelekezea watu, maana uchafu mwingine utaletewa na adui bila wewe kulipa. Ukiuona, usipapatike, omba uondolewe, na usioondolewa ukane mapema. Usimtupie mwenzako. Usifiche kwa msomaji kile unachoionyesha mashine. Ukikosea, andika wewe uliyekosea, usimtafute wakala wa kumbebesha. Na usilitupe jina lako kwa sababu limechafuka. Lisafishe, hata likikuchukua msimu mzima.

Mungu akujalie majirani wanaokujua vizuri kiasi cha kuutaja ubaya wako na bado wakawatuma wageni kwako. Jina ulilopewa likutangulie uendako, na likifika kabla yako, likuandalie mahali pa kukaa.