Kitufe cha Sasisha

Simu ya mama yangu iliacha kupiga simu za picha siku ya Jumapili, na harusi ya mpwa wangu ilikuwa Ijumaa.

Nikahi ilikuwa ifungwe Bombo, nyumbani kwa dada yangu. Mama yuko Koboko, na magoti yake hayawezi tena kukaa kwenye basi kutoka Koboko hadi Bombo, safari ya kutwa nzima. Katika ukoo wetu bi harusi hatoki chumbani kabla bibi yake mzaa mama hajamwona uso na kumwombea dua. Tulikuwa tumeshakubaliana wote kwamba mama angemwona kwa simu. Simu ikigoma, mpwa wangu angeolewa bila kuonwa na bibi yake, na mama si mtu wa kusahau jambo kama hilo.

Mimi hutengeneza cherehani mjini Arua. Kazi hiyo imenizoeza kuamini kwamba mashine ikikataa, ipo sababu, na sababu ina mahali pake. Ukifungua skrubu moja baada ya nyingine utaifikia. Simu hazifuati imani hii.

Kuhusu simu nina kanuni moja tu: masasisho hupakuliwa kwa waifai, si kwa bando. Bando ni maji ya jerikeni. Yamebebwa kichwani kutoka mbali, na mtu mwenye akili hayamwagi kuoshea baiskeli. Arua kuna hoteli ambayo ukinunua chai ya maziwa wanakupa waifai mpaka kikombe kipoe, na mimi hunywa polepole. Nilikuwa nikienda hapo na simu yangu, ya mke wangu na ya mama, maana mama alikuwa akija Arua kila mwezi kwa daktari wa magoti. Kisha daktari akaanza kupita Koboko mwenyewe, mama akaacha kuja, na simu yake ikaacha kunywa chai.

Nilifika kwake Jumanne. Niliaga kazini kwamba ningeondokea hapo hapo Koboko kwenda Bombo kwa basi la Alhamisi, kwa sababu mimi ndiye mjomba na mjomba lazima awepo. Nikaiwasha simu yake. Programu ya kupigia ilikuwa imeandika kwamba toleo hili limepitwa na wakati, sasisha ili uendelee. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kijani.

"Mama, hii simu imeanza kukuomba lini?"

"Siku mingi. Kila siku inaomba, kila siku mimi nakataa."

"Unakataa kwa nini?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada. "Wewe hapana soma? Iko naandika hapa." Akaweka kidole kwenye kitufe, akasoma polepole, silabi kwa silabi. "Sa-si-sha. Sasa isha."

Simu ile niliiweka Kiswahili mimi mwenyewe, kwa sababu mama hasomi Kiingereza, na bado naamini nilifanya sawa. Lakini Kiswahili cha simu kimetoka mbali, na Kiswahili cha mama kimetoka kambini kwa babu yake askari wa Kinubi, kikapita sokoni, kikakaa Koboko. Mimi mwenyewe kile cha vitabu nilijifunza ukubwani, kwa sarufi ya mitumba na redio. Nikamweleza kwamba neno limetokana na "sasa", kwamba kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa, kipya.

"Kipya," alisema. "Jirani alifinya hii kitu. Data yake yote ilikwisha hapo hapo, hata salamu hakutuma. Sasa ikaisha. Neno ilisema kweli, wewe unasema kitabu inasema ingine."

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa amefika kutoka Lobule na muhogo nyuma ya baiskeli. Yeye ana simu ya vitufe na tochi. Alikuwa akifungua kamba huku akisikiliza.

"Dada iko na haki," alisema. "Kampuni yenyewe inakuambia mapema, sasa isha. Utalaumu nani?"

"Mjomba, si hivyo."

"Simu yangu hapana omba kitu. Inaomba moto wa chaji tu, mara moja kwa wiki. Watu wa Arua mnanunua simu ya kuomba omba."

Kilichoniudhi ni kwamba sikuweza kusema wamekosea. Kitufe kile kikifinywa kwa bando, bando huisha. Walikuwa wamesoma neno vibaya wakapata maana iliyo sahihi.

Nilijaribu kupakua programu. Ikakataa: mfumo wa simu ni wa zamani mno, sasisha mfumo kwanza. Nikaenda kwenye mfumo. Nao ukakataa: faili ni kubwa, unganisha kwenye Wi-Fi. Nikamwambia mama kwamba ningeipeleka simu Arua asubuhi na kuirudisha jioni.

"Hapana. Mutoto wangu wa Bombo anaweza kupiga."

"Haiwezi kupigwa, Mama. Ndiyo maana nimekuja."

"Ile ya sauti inaweza. Simu haitoki hapa."

Basi nikaanza kutafuta waifai Koboko. Kuna nyumba ya wageni karibu na stendi, na mlangoni wameandika kwa rangi nyekundu kwamba waifai ipo. Nikaagiza soda. Dada wa mapokezi akanionyesha nenosiri lililobandikwa ukutani. Simu ikaunganika vizuri, ile alama ya waifai ikajaa, na chini yake ikaandika: hakuna intaneti.

"Dada, imeunganika lakini intaneti hakuna."

"Aa, intaneti!" alisema, kwa huruma kabisa. "Hiyo mukubwa hajalipa. Wewe, mzee, uliuliza waifai."

Nilimaliza soda yangu.

Ikabaki njia moja, nami sikuipenda. Simu yangu inaweza kugeuza bando lake kuwa mtandaopepe, na simu ya mama ikiukuta mtandao huo huuita Wi-Fi. Yaani simu iliyokataa bando la mama kwa kumhurumia ingelila langu bila kuuliza, kwa kuwa halikuitwa bando. Ipo sehemu ya kuiambia kwamba mtandao huu hulipiwa. Lakini ukiiambia hivyo, inakataa tena kupakua mfumo. Usipoiambia, inafikiri imefika karamuni, na kila programu iliyomo ndani, hata ile ya mchezo wa matunda ambayo hakuna anayejua nani aliiweka, inanyoosha sahani. Anayeitengeneza simu hajawahi, nadhani, kukaa mahali ambapo Wi-Fi na bando ni kitu kimoja.

Jumatano mchana nilinunua bando kubwa kuliko yote niliyowahi kununua. Nilizima masasisho ya programu zote, moja moja, nikahakikisha mara ya pili. Nikaanzisha upakuaji wa mfumo. Mstari mdogo wa bluu ukaanza kutambaa. Nikamweleza mama, kwa uvumilivu, kwamba leo neno lile ni jema, kwamba tunalitaka, na kwamba asiguse chochote. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Nikaiacha simu yangu kando ya yake, nikaenda msikitini.

Niliporudi mama alikuwa amekaa mkekani na simu mapajani, uso umetulia, kama mtu aliyemaliza kuchambua mchele.

"Nimekusaidia," alisema.

"Umesaidia vipi, Mama?"

"Wewe ulisema hii neno ni zuri. Nilitafuta, nikaikuta ingine pale ndani, na ingine. Kuna moja ilisema sasisha zote. Nikafinya hiyo."

Mchezo wa matunda ulikuwa mpya kabisa. Ramani zilikuwa mpya. Programu ya kuhesabu hatua za mtu anayetembea, kwa mama yangu mwenye magoti yale, ilikuwa mpya. Mfumo ulikuwa umesimama katikati. Kwenye simu yangu ujumbe ulikuwa umeingia kunishukuru kwa kutumia bando langu lote.

"Data imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

Mjomba alijibu kwa niaba ya mama. "Sasa," alisema, akapumzika kidogo ili nifurahie, "isha."

Nilinunua bando jingine kwa mwanamke mmoja anayeuza muda wa maongezi chini ya mwavuli, naye akanitakia biashara njema, akidhani naendesha ofisi. Lakini ilikuwa jioni, saa ambayo Koboko nzima iko mtandaoni, na mstari wa bluu ulitambaa kama konokono. Ulikaribia mwisho. Kisha simu ikaandika: hitilafu imetokea, jaribu tena. Haikusema hitilafu gani. Cherehani ikikatika uzi, uzi unauona.

Alhamisi asubuhi, basi likiwa linapakia, nilifanya nilichopaswa kufanya Jumanne kama hasira zingeniachia nafasi ya kufikiri. Nilitoa laini ya mama nikaiweka kwenye simu yangu, ambayo ilikuwa imesasishwa Arua kwa chai ya halali. Laini yangu nikaiweka kwenye simu yake, ili wateja wanipate. Programu ya kupigia haijali laini ikishafunguliwa; ingebaki kwa jina langu, na dada yangu angeipigia hiyo hiyo. Nikaweka bando kwenye laini ya mama, nikamwachia simu yangu. Nikamfundisha kitufe cha kujibu. Nikamwomba mjomba asifundishe chochote.

"Na simu yangu?" mama aliuliza.

"Naenda nayo Bombo."

"Basi shika vizuri. Ramani iko mpya," alisema.

Ijumaa, baada ya swala, chumba cha bi harusi kilijaa wanawake, udi na kelele. Mimi nilisimama mlangoni kama mjomba anavyosimama. Dada yangu akapiga. Kwenye skrini yake ikatokea picha ninayotumia mimi, cherehani nyeusi ya zamani, na shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama bibi wa Koboko amekuwa fundi. Ikaita. Ikaita tena. Nikajua mama ameshika upande wa kamera, au ameiweka chini ya mto, au mjomba amefundisha.

Kisha likatokea paa la mabati, halafu sikio, halafu mama, amevaa gurbaba, vazi lake la Kinubi la sherehe, na hina mpya vidoleni, ingawa huko hakukuwa na mtu wa kumwona.

"Mufunue hiyo shela kidogo," alisema. "Mnamficha nani? Mimi?"

Wakamfunua. Mama akamtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekwama. Kisha akaanza dua, kwa Kiarabu na kwa Kinubi, na wanawake wakawa wakiitikia amina. Alipomaliza, mpwa wangu alikuwa analia, na dada yangu akamfuta wanja kwa ncha ya kanga.

Hapo simu ilipaswa kukatwa. Kilichohitajika kilikuwa kimefanyika. Nilinyoosha mkono nikaichukua kwa dada, nikamwambia mama kwamba tungempigia jioni.

"Kwa nini jioni? Mimi iko hapa," alisema. "Peleka upande wa sufuria. Nione nani anapika."

Nilimwonyesha sufuria. Aliuliza nani amekata vitunguu vile vikubwa hivyo. Akataka kuona kina nani wamekaa kwenye jamvi la mbele, na viatu mlangoni, na mahari imewekwa wapi. Picha za namna hiyo hula bando kuliko kitu chochote, pande zote mbili, na mimi nalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa katika ua ule. Nikaitafuta chupa kubwa ya chai, nikaiegemeza simu hapo ikitazama watu, nikaenda kukaa na wanaume. Mama alikaa kwenye harusi mpaka bando lake lilipokwisha.