Mjomba Huria Autia Mtaa Ndani ya Mchezo

Kama hujawahi kumsikia Mjomba Huria akizungumzia kompyuta, masikio yako bado hayajafanya kazi ya maana. Shule aliiacha katikati, au shule ilimwacha yeye, inategemea anayesimulia. Lakini mbele ya kompyuta iliyokufa hamwogopi profesa wala waziri. Huifungua, akapuliza vumbi, akaitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa mwongo, kisha akatoa hukumu: "Hii haijafa. Imechoshwa tu."

Jina la Huria alijitafutia kwa mdomo wake. Programu huria kwake ni kama dini ya pili: zile ambazo aliyeziandika amekuachia na maandishi yake ya ndani, uyasome ukitaka, uyageuze ukiweza, umpe na jirani bila kutazama nyuma. Ukimpelekea kompyuta yenye programu ya kukodi mwezi kwa mwezi, atakuuliza kwa upole wa kinafiki, "Nguo ya kuazima imeanza kukuacha wazi upande gani?" Mpishi asiyetaka uchungulie chungu, husema, ana jambo. Programu inayokuzimia kazi katikati ili ijisasishe bila hodi, hiyo si mtumishi, hiyo ni mkwe. Na mtu anayetupa simu nzima eti imekuwa nzito, apimwe yeye kwanza.

Watu walicheka, wakamwachia kompyuta zao, wakazichukua zikiwa nyepesi kama unyoya. Kwa hiyo haki ya kujisifu alikuwa nayo, na hakuiacha ilale njaa hata siku moja.

Meza yake ilikuwa kwenye kona ya chumba cha michezo cha mdogo wake wa kike. Chumba kirefu, chembamba, kuta za buluu mpaka kiunoni na nyeupe kwenda juu, mabenchi ya mbao, na feni iliyolia kama mtu aliyesingiziwa. Zamani watu walijazana humo kucheza mpira wa kwenye skrini, wakitukanana kwa mapenzi. Kisha tajiri mmoja akafungua chumba kingine karibu na mzunguko wa barabara: skrini pana kama milango, viti vya kubonyea, mashine mpya. Wateja wakahamia huko hata kwaheri hawakusema. Mashine za mdogo wake, moja ikafa kabisa, nyingine ikagoma kucheza mpaka ijisasishe kwa mtandao wenye kasi ambayo mtaa ule haujawahi kuiota.

Mama Mwenye Nyumba, ambaye duka lake la soda na biskuti lilikuwa mlango wa pili, alivumilia, kisha akachoka. Siku moja akaja akasimama mlangoni na mtandio begani.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini chumba kisicho na watu kinaniulia na duka. Kuna muuza dawa anakitaka. Mwisho wa mwezi nirudishie funguo, tusije tukavunjiana heshima."

Mdogo mtu alingoja mama wa watu aondoke ndipo akaketi. Chumba kile ndicho kilichomlisha yeye na wanawe tangu abaki peke yake.

"Kaka, umesikia?"

"Nimesikia. Niachie mimi."

"Si wewe uliyenikataza kununua mashine mpya?"

"Na bado nakukataza. Kununua mchezo usioweza kuufungua ni kununua mbuzi ndani ya gunia. Ukifika nyumbani unakuta paka."

"Paka angalau anakamata panya! Mimi nina nini?"

"Una kaka."

"Debe tupu," akasema mdogo mtu, akachukua ufagio akaenda kufagia mahali pasipo na taka.

Mjomba Huria hakukasirika. Aliteremsha kutoka rafuni kompyuta za ofisini ambazo wenyewe walizisusa, akazifuta, akazitia mfumo huria, na juu yake mchezo wa mbio za vigari, nao huria pia. Akaziunganisha zote zishindane, kisha akasimama mlangoni kama bwana harusi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye siku hiyo vichwa vilimwia haba. Akacheza kidogo, akasonya.

"Mjomba, hapa pamekuwa shule ya chekechea? Vigari vyenyewe vina masikio! Na hii theluji ya nini? Mimi barafu naijua ya kwenye friji."

"Theluji kaiweka mtu," Mjomba alijibu.

"Basi huyo mtu hakai mtaa huu."

Kinyozi alilisema kwa dharau akaenda zake, lakini neno likabaki kichwani mwa mwenzake likizunguka kama nzi kwenye glasi. Theluji kaiweka mtu. Na mtu huyo kauacha mchezo wazi, yeyote apendaye aingie aweke chake. Mjomba alitoka nje na simu yake, akaanza kuutembea mtaa kwa hatua za kupima, akipiga picha kila ukuta, mpaka fundi wa kuchomelea akamuuliza kama amehamia idara ya mipango miji.

"Nimehamia juu yake," alijibu.

Hapo ndipo ilipoonekana namna yake ya kufanya kazi, ambayo ndiyo sifa yake na ndiyo balaa lake: hajui kuacha kitu. Aliutia mtaa wote ndani ya mchezo. Kiti chekundu cha kinyozi, cheche za fundi wa kuchomelea, lile tuta ambalo dereva mgeni hulitambua kichwa kikishagonga paa, turubai la kijani la duka la soda. Na lango.

Lango la Mama Mwenye Nyumba lilikuwa la chuma, na lilifungukia nje, barabarani, ghafla, bila kusema samahani. Liliwahi kumlaza chini mwendesha baiskeli pamoja na trei ya mayai. Mtaa mzima ulilijua na mtaa mzima ulilinyamazia, maana mwenyewe alishasema lango halina kosa, ni watu wasiotazama mbele. Mjomba sasa kaliweka ndani ya mchezo, likifunguka wakati wowote lipendapo na kukirusha kigari cha mtu mtaroni. Hata mlio wake alikwenda akaurekodi.

"Kaka, litoe," mdogo wake alimsihi. "Yule ndiye mwenye chumba!"

"Lango lipo au halipo?"

"Lipo, lakini..."

"Basi lipo. Sitaki mchezo unaosema uongo."

Habari zikatoka. Kinyozi alirudi, akaona kiti chake kwenye skrini, akapiga kelele kama aliyeona jina lake gazetini. Akamwita fundi, fundi akawaita wenzake, na wale wa kwenye mzunguko wakaja kuchungulia wakasahau kurudi. Mabenchi yakajaa, dirisha likajaa. Kila lango lilipomrusha mtu, chumba kizima kililipuka, na kila aliyecheka sana alikwenda jirani kununua soda ya kutuliza koo.

Mama Mwenye Nyumba aliona makreti yakimwishia. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki wa kunyooshea mkono. Akafunga duka, akafuata kelele.

Alipoingia, mikono yote ilitoka kwenye vitufe. Kinyozi alimpisha kwenye benchi bila kuombwa. Mama akaketi, akaelekezwa vitufe, akakiondosha kigari polepole kama abebaye maji. Alipita kwa fundi. Alipita dukani kwake, akatabasamu. Kisha lango likalia mlio wake ule ule, likafunguka, likamtupa mtaroni, miguu ya kigari juu.

Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama dari.

"Nani kaliweka lango langu hapa?"

"Mimi, mama," alisema Mjomba Huria. "Na mlio ni wake halisi."

"Nimeusikia." Alijifunga mtandio vizuri. "Sasa wewe, baba, majuzi ulisimama dukani kwangu ukala biskuti zangu, ukanihubiria kwamba mchezo huu mtu yeyote ana ruhusa ya kuugeuza. Ulikuwa unasema kweli, au yalikuwa maneno ya biskuti?"

Mjomba alipiga hesabu. Akikataa, ana tofauti gani na wale wafunika chungu aliowatukana maisha yake yote? Akikubali, lango ndilo lililowaleta watu. Likitoka, watatoka nalo. Alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameushika ufagio kama mtu aliyeshika nguzo.

"Ruhusa unayo, mama," alisema. "Nitageuza utakavyo, hapa hapa, mbele yako. Ila sikufichi: likitoka, watu hawa wanarudi kwenye mzunguko, na mdogo wangu anakupa funguo."

"Nani kasema litoke? Mbona unanifanya mchawi? Nataka lifungukie ndani. Na yale maji ya sabuni anayomwaga kinyozi barabarani, hayamo kwa nini? Umepima mtaa mzima, ukayaruka? Mimi nilianguka pale mbele za watu!"

"Mama, hayo ni matone tu!" Kinyozi aliruka juu.

"Matone yaliyonilaza kitandani wiki! Andika, baba!"

Mjomba alivuta kiti. Skrini ikajaa maandishi ya ndani, Mama akakaa begani pake akiyakodolea macho kama anayaelewa. Mjomba akabadilisha hapa, akaongeza pale. Mchezo uliporudi, lango lilifungukia uani kwa adabu, na mbele ya kile kiti chekundu palikuwa na ute mweupe wa sabuni uking'aa. Mwenye kiti ndiye aliyepita wa kwanza. Aliteleza, akazunguka kama pia, akaingia kinyumenyume ndani ya kibanda chake mwenyewe cha kunyolea.

Mama Mwenye Nyumba alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Watu wakapanda juu ya mabenchi. Kila mtu ghafla akawa na la kuongeza: takataka za fulani, mbwa wa fulani, pikipiki ya fulani iliyoegeshwa vibaya.

Katikati ya vurugu mdogo mtu alimsogelea. "Mama, na ile habari ya funguo?"

"Funguo gani tena? Muuza dawa nitampa chumba cha nyuma. Wagonjwa wanataka kimya, na mimi hapa sina mpango wa kupunguza kelele."

Mdogo mtu aliegemea ukuta, akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani mwezi mzima.

Kesho yake fundi wa kuchomelea aliitwa kugeuza bawaba za lango la kweli, kwa kuwa Mama hakutaka mtu aseme mchezo unadanganya. Siku chache baadaye Kinyozi akaja akimvuta Mjomba kwa mkono wa shati: amechimba shimo la maji, sabuni haigusi barabara tena, kwa hiyo ute ule utolewe, unamharibia jina.

Mjomba alikwenda, akachuchumaa, akalipima shimo, akaridhika. Alikuwa akirudi kukaa mezani, Mama akapaza sauti kutoka dukani.

"Usitoe kitu, baba! Kwanza nipite pale mwenyewe, na viatu vyangu vya kanisani."