Ruhusa ya Kumzika Baba

Titus Musyoka alihamishwa kutoka Riyadh hadi Jeddah kwa neno la simu tu. "Yalla, kesho uko Rawdah," msimamizi wake alimwambia, naye Titus, ambaye tangu afike Saudia hakuwahi kuulizwa anapenda wapi, akakunja godoro na kupanda basi. Aliacha lango la majumba ya Al-Malqa alilokuwa akililinda, akaenda kulinda jengo la ghorofa huko Al-Rawdah. Mtu aliyezaliwa Mwingi kwenye ukame hatishwi na jua, lakini joto la Jeddah lilikuwa na maji ndani yake. Shati la kazi lilimganda mgongoni hata kabla ya chai.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imeachana na karatasi. Mambo yote yalikuwa ndani ya programu ya simu: kuripoti kazini, kuomba likizo, kulalamika. Asubuhi mlinzi anaifungua, anaionyesha uso, nayo inapima amesimama wapi. Ikiwaka kijani, uko kazini na kurasa nyingine zinafunguka. Ikiwaka nyekundu, umefungiwa nje.

Asubuhi ya kwanza Jeddah, iliwaka nyekundu. *Uko nje ya kituo chako.*

"Usijali, ndugu," alisema Solomon, Mganda aliyewasimamia walinzi wa Rawdah. "Bado inafikiri uko Riyadh. Watarekebisha. Mimi nimekuona kazini, inatosha."

Titus akaamini. Kila asubuhi aliinua simu, kila asubuhi nyekundu, naye akaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Kisha dada yake Maryann akapiga simu akilia, na kabla hajasema neno Titus alishajua.

"Baba ametuacha," Maryann alisema. "Alianguka shambani. Titus, wewe ndiye kifungua mimba. Mama anasema hatuziki bila wewe."

"Nakuja," alijibu. "Mwambie mama nakuja."

Lakini likizo iliombwa ndani ya simu, na bila likizo hakuna viza ya kutoka, na bila viza hiyo angezuiwa uwanja wa ndege. Ukurasa wa likizo ulikuwa nyuma ya ile nyekundu. Ukurasa wa malalamiko pia. Solomon alipiga simu Riyadh mbele yake, akaweka sauti juu ili Titus asikie mwenyewe. "Aombe kwenye app," sauti ilijibu. Solomon akaeleza kwamba app haifunguki. "Basi alalamike kwenye app." Simu ikakatwa.

Titus aliketi kwenye kiti cha plastiki cha bawabu, kichwa mikononi. Alipoinuka alikuwa ameamua.

"Naenda Malqa," alisema. "Inataka nisimame pale, nitasimama pale."

"Ukiondoka hapa bila ruhusa watakuandika mtoro," Solomon alimwonya. "Ikama yako, kibali chako cha kuishi hapa, itakufa."

"Kwa simu hii mimi ni mtoro tayari."

Solomon akakubali kumshikia zamu. Titus alivuka jangwa lote akiwa amekumbatia mfuko wake, hakula, hakusinzia. Al-Malqa alimkuta Jeremiah, Mkenya mwenzake aliyechukua nafasi yake langoni. Jeremiah alisikia habari za msiba, akavua kofia, akampisha asimame palepale alipozoea kusimama.

Titus akainua simu. Ikawaka kijani.

Jeremiah akapiga kofi la furaha. Lakini ukurasa uliojitokeza haukuwa wa likizo. Uliuliza: *Unakubali kuhamishiwa Jeddah?* Titus alijaribu kuuruka, ukakataa. Alijaribu kurudi nyuma, ukakataa. Kukataa uhamisho ni kukaidi kazi, hilo kila mlinzi alilijua. Akabonyeza *Nakubali*.

Papo hapo ikawaka nyekundu. Sasa alikuwa mtu wa Jeddah, na alikuwa amesimama Riyadh.

"La, la, la," Titus alisema, akibonyeza, akibonyeza. Jeremiah alilazimika kumshika mkono asiivunje simu ukutani.

Alikwenda ofisi kuu. Karani, Msudani wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza kompyuta yake ili Titus aione. "Mimi naona ombi likishaingia," alisema. "Lisipoingia, kwangu hakuna kitu. Hakuna hata mahali pa kuandika."

"Mzee wangu, mimi ndiye ombi. Niko hapa mbele yako. Chukua kalamu, uandike."

Karani akaenda kwa meneja, akarudi amekunja uso kwa aibu. "Mafi karatasi, hakuna karatasi, anasema. Halas, yamekwisha. Rudi Jeddah, itafunguka huko. Mungu amrehemu baba yako."

Akarudi Jeddah. Kweli ikafunguka, na ombi likaingia. Juu yake pakaandikwa *Linasubiri*. Likasubiri. Solomon aliulizia mpaka akagundua kwamba programu ilikuwa imelipeleka kwa bosi wake wa zamani kule Malqa, na bosi huyo mwenyewe alikuwa likizoni. Hakuwekwa mtu mwingine wa kuidhinisha.

Nyumbani waliahirisha mazishi, wakaahirisha tena. Mwishowe baba mdogo akachukua simu kutoka kwa Maryann. "Mwanangu, mwili si gunia la mbaazi," alisema kwa upole. "Tumekungoja vya kutosha. Tuache tumlaze ndugu yetu."



Walimzika mchana, naye yuko langoni, akitazama mazishi kwenye simu ileile. Picha ilikwama jeneza likiteremshwa. Gari la mkazi mmoja likapiga honi. Titus akafuta macho, akafungua lango, akainama kusalimu. Picha iliporudi, vijana walikuwa wakipiga udongo kwa migongo ya majembe.

Ruhusa ilifika bosi aliporejea. Ilikuwa imeidhinishwa kwa tarehe zilezile alizoomba, nazo zilikuwa zimekwisha pita. Programu ikamhesabia kuwa ameshaimaliza likizo yake ya mwaka.

Alitumikia mkataba uliobaki kwa sababu kuuvunja kungemfungia hata viza ya kutoka. Solomon alimletea chai na kuketi naye. Mkataba ulipokwisha alirudi Mwingi, na mama akamshika mkono akampeleka kaburini. Nyasi zilikuwa zimeota, zikakauka, zikaota tena.

"Watu walinong'ona," mama alisema. "Walisema umenogewa na Uarabuni. Mimi nilikataa."

"Nilinyimwa ruhusa, mama."

"Na nani?"

Titus akafungua kinywa. Alimfikiria karani, akamfikiria meneja, akamfikiria bosi aliyekuwa likizoni, na hakuna jina hata moja lililotoka. Akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono.