Roboti na Gunia la Kwanza

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne, nikabeba viazi mgongoni kutoka Nyakiriba, leo nina ghala langu Gisenyi na malori mawili. Kwa hiyo kinena kilipovimba na daktari akasema ni ngiri, nilimuuliza tu dawa yake.

"Kupasuliwa." Akaeleza njia mbili. Kigali, matundu matatu madogo, kamera inaingia, daktari anashika vyuma kwa mikono yake na kuweka wavu pale msuli ulipoachia. Uhindi, matundu yale yale, wavu ule ule, ila vyuma vinashikwa na roboti, daktari amekaa pembeni anaiendesha. "Kwa ngiri kama yako, tofauti utakayoiona ni bei."

Nikachagua roboti. Mtu kama mimi hachagui cha bei rahisi.

Shemeji yangu wa Goma, naye alikuwa na ngiri, akapasuliwa Kigali. Tulirudi nyumbani wiki ile ile. Tukafunua mashati sebuleni kwangu: makovu matatu kwake, matatu kwangu.

"Bon, shemeji," akacheka, "kovu ya roboti iko wapi? Ama iliandika jina yako ndani?"

Nikamwambia mashine haikosei. Maumivu sikuyasikia. Sikusikia chochote, kwa kweli; nilikuwa nimelazwa usingizi.

Sote wawili tuliambiwa wiki sita bila kubeba kitu. Shemeji akakaa kwake. Lakini kwetu ghalani gunia la kwanza huinuliwa na mwenye mali. Asipoliinua, wabebaji husema mzee ameisha, na wateja wa Goma wanahamia kwa jirani. Siku ya kumi na mbili baada ya kupasuliwa, nikaenda.

"Patron, acha, tutainua sisi," msimamizi wa wabebaji akasema.

"We unajua roboti, wewe?"

Nikainua. Kilo mia. Wakapiga makofi. Ndani kitu kikaachia taratibu, kama fundo la kamba. Nikasimama nikitabasamu mpaka lori likajaa.

Ngiri ilirudi, nikapasuliwa tena, sasa Kigali, kwa mikono ya daktari kama shemeji. "Roboti haikukosea," daktari akasema. "Wavu haukupewa muda wa kushika."

Safari hii nilimaliza wiki zote sita. Gunia la kwanza aliinua msimamizi, kila asubuhi. Hakuna mteja aliyehama. Hakuna hata aliyeuliza.

Shemeji ndiye aliyeuliza, ila kuhusu bei. Yake ilikuwa milioni moja na nusu. Nikamtajia yangu, roboti, ndege na Kigali pamoja, kama mtu anayesoma namba ya gari: faranga milioni tisa, laki nane na elfu arobaini na tano.