Niliyemkatisha tamaa ndiye aliyeshuka kwenye ambulensi

Naandika haraka haraka, nisameheni nikikosea herufi.

Leo asubuhi mume wangu, Baba Neema, ameanguka na bodaboda hapa Chiungutwa. Paja limechanika, damu haikatiki, na mimi napiga kelele tu.

Ambulensi ikafika kutoka Masasi. Akashuka dada mmoja na begi, akapiga magoti mavumbini, akavaa glavu, akakandamiza kidonda na kukifunga kabla sijamaliza kueleza.

Ndipo akainua uso.

"Shikamoo, mwalimu."

Jamani. Zuhura!

Nilimfundisha Fizikia. Alipopata F nilimwambia mbele ya wenzake: "Wewe mambo ya hospitali sahau, katafute mume."

Tukampakia Baba Neema, nami nikaokota kiatu chake kimoja kilichovuka.

Ndani ya gari nikamuuliza amefikaje huku.

"Nilirudia mtihani mara mbili, mwalimu, mpaka Fizikia ikakubali. Nikasomea uuguzi, nikafanya kazi wodini Newala, ndipo wakanipeleka mafunzo ya huduma za dharura."

Anasema hayo huku vidole viko kwenye mshipa wa mkono wa mume wangu.

"Muongeleshe mumeo, mwalimu, asilale."

Hospitalini Masasi ameshonwa, anaendelea vizuri, tunashukuru.

Nikamfuata Zuhura koridoni nimwombe radhi. Nafungua mdomo tu, simu yake ikaita: mama mjamzito, Lulindi. Akakimbia.

Nikabaki nimesimama na kiatu kimoja cha mume wangu mkononi.

Kesho naenda kumsubiri pale pale koridoni. Walimu wenzangu, mngeanza na neno gani?