Mwenye Mnyama Ajitokeze

Nilipokuwa mtoto, miaka ya sabini, Serikali haikuamini uchawi. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa, na sisi wa Ilemela, watu wenye adabu zetu, tuliiheshimu imani hiyo ya Serikali kama tulivyoheshimu imani ya Wasabato wasiokula kambale. Kila mtu na dini yake.

Watu wa rika langu wakikutana hupenda kuikumbuka miaka ile kwa kicheko. Suruali za bugaluu zilizofagia barabara. Viatu vya raizoni, vya soli nene, vilivyowategua miguu vijana wa Mabatini. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambao tuliupangia foleni, tukaulaani, tukaula. Redio moja mtaa mzima. Wanasema watu walipendana, na kweli kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mwenyekiti, ndugu karani, ndugu mgambo. Nami huchangia kicheko. Lakini mtu akishasema, "Siku hizi watu hawazikani kama zamani," kicheko changu hukatika, kwa sababu mazishi ninayoyakumbuka kuliko yote ya miaka ile yalikuwa ya fisi.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani, imebanwa katikati ya mawe makubwa kama jino la mwisho. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa kalamu mfukoni, aliyesoma gazeti mpaka matangazo ya zabuni. Mama alikuwa Msukuma wa palepale. Bibi, mama yake baba, alitujia kutoka Ukerewe baada ya babu kufariki, akiwa na mkeka, chungu, na mbuzi mmoja jike, mweusi mwenye sikio moja jeupe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na alikivaa kama nguo ya Jumapili. "Chumvi", "mvua", "marahaba", "mnyama": maneno hayo aliyatamka kwa fahari hata pale yasipohitajika. Mengi mengine alisema kwa Kikerewe, na mimi nikamtafsiria.

Sasa habari ya fisi. Kwetu tulifundishwa, kabla ya kufundishwa kusoma, kwamba hakuna fisi asiye na mwenyewe. Huyo anayelia mlimani usiku ni wa mtu. Mwenyewe humpanda, humtuma, na wapo walioapa kwamba humkamua. Akifa, mwenyewe amefiwa, na kwa kuwa amefiwa hataweza kujizuia. Atakuja tu kumzika. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake hakugusa mzoga wa fisi. Hata jina hakulitaja. Alisema "mnyama".

Jumamosi moja asubuhi fisi alikutwa amekufa juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba yetu. Hakuwa na jeraha. Miaka mingi baadaye mfugaji mmoja wa kule juu, akiwa amelewa, alitusimulia jinsi alivyochanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe na utumbo akauacha njiani. Alisimulia kama kichekesho. Siku yenyewe hakusema kitu.

Jua lilipopanda, harufu nayo ikapanda. Na ilitokea kwamba kesho yake mgeni mkubwa angepita barabara ya uwanja wa ndege, kwa hiyo Bwana Afya akaja akisukuma baiskeli yake mlimani, leso puani, akamwambia balozi wetu wa nyumba kumi kwamba mzoga uondolewe kabla ya jioni.

"Uondolewe na nani, ndugu?" balozi akauliza.

"Sheria iko wazi," akasema Bwana Afya, ambaye hakuwa mtu wa huku. "Mzoga huondolewa na mwenye mnyama."

Nadhani alikuwa akifikiria ng'ombe.

Balozi aliingia kwenye mtihani. Kutangaza "mwenye fisi ajitokeze" ni kuiambia Serikali kwamba fisi wana wenyewe, na semina ya mabalozi ilikuwa imekataza mambo hayo, ingawa chai ya semina hiyo ilikuwa nzuri. Kutotangaza ni kumgusa fisi kwa mikono yake mwenyewe. Akapata neno lililoiridhisha sheria na kuuridhisha woga kwa pamoja. Mgambo akapita kwenye mawe akigonga debe:

"Tangazo, ndugu wananchi! Mnyama amekufa, jiwe la nyuma ya kwa Karani! Mwenye mnyama ajitokeze amwondoe, kwa mujibu wa sheria!"

Watu wakajaa. Hakuna aliyekuja kuondoa kitu. Walikuja kuona nani atakuja. Mimi nilikuwa juu ya jiwe pamoja na watoto wenzangu, tumeziba pua, tukisukumana ili mmoja wetu amwangukie.

Bibi alikuwa jikoni akikoroga uji. Mbuzi wake alikuwa hajarudi tangu juzi yake, na alishazunguka mawe yote akimwita kwa jina. Katika tangazo lile refu alisikia maneno mawili aliyoyajua, "mnyama" na "amekufa". Akaweka mwiko chini, akachukua kamba, kisu na karai la nyama, akapanda.

"Ni yangu!" alipaza sauti tangu mbali, kwa Kiswahili chake cha Jumapili, uso umejaa shukrani. "Mnyama yangu! Natafuta tangu juzi!"

Watu walimpisha. Sijawahi tena kuona umati ukimpisha mtu kwa heshima kama ile. Akafika na karai lake, akainama, akatazama. Na alipoelewa, akacheka. Alicheka kama anavyojicheka mtu aliyeliamkia gogo shikamoo akidhani ni mzee.

"Anamchekea," akasema Mama Kabula. Huyu alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango, aliyeazima chumvi kwetu karibu kila jioni. "Mmeona wenyewe? Anamchekea."

Bibi akanigeukia na kuniambia kitu kwa Kikerewe, na mimi nikakitafsiri kwa sauti ya darasani: "Bibi anasema huyu ndiye aliyemla mbuzi wake."

"Ala!" mwanamume mmoja akadakia. "Fisi wake kamla mbuzi wake! Sisi majirani si ndiyo kitoweo?"

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa cha watu waliofurahi. Balozi hakucheka. Alimwuliza bibi kwa upole, kama daktari: "Mama, ni wako au si wako?"

"Si yangu. Yangu mbuzi."

"Lakini umesema ni wako. Tumesikia wote."

"Yangu mbuzi," bibi akarudia, na sasa alikuwa hatabasamu tena.

Bwana Afya alitazama saa yake. "Mwenye mnyama amepatikana?"

"Amepatikana, ndugu."

"Vizuri. Kabla ya jioni." Akashuka na baiskeli yake. Kwa upande wa Serikali jambo lilikuwa limekwisha, na bila uchawi kutajwa hata mara moja.

Baba aliporudi kutoka kazini mchana alimkuta balozi mlangoni. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Aliingia ndani akauliza jembe liko wapi.

"Baba Tereza, usishike jembe," mama akamwambia. "Hawa ni watu wangu, nawajua."

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Alisema kwa Kikerewe, taratibu: "Mwanangu, mtu huzika wake. Ukimzika, umesema ni wetu."

"Mama, ni mzoga. Unanuka. Nikiufukia, yameisha."

"Hayaishi," bibi akasema. "Yanaanza."

Baba alikuwa mtu wa elimu na hoja yake ilikuwa nzuri. Hata leo nikiipima siioni kasoro. Akavua shati la kazini, akalikunja vizuri, akalitundika, akatoka.

Mlima wa Ilemela hauchimbiki. Alipata udongo wa kina cha goti kati ya mawe mawili. Akamburuta fisi kwa kamba ya mbuzi wa bibi, akamfukia, na kwa kuwa udongo haukutosha akarundika mawe juu. Watu walisimama mpaka mwisho. Nimehudhuria mazishi mengi tangu hapo, ya wakurugenzi na ya mapadri, na ni machache yaliyojaza watu hivyo. Alipoweka jiwe la mwisho akanyoosha mgongo, jasho likimtiririka, na Mama Kabula akatoka kwenye umati, akajifunga kanga vizuri, akamwendea, akainamisha kichwa.

"Pole na msiba, Baba Tereza."

Baba alikuwa amechoka, na alikuwa mtu aliyelelewa. Mtu akipewa pole, hushukuru.

"Asante," akasema.

Mlima mzima ulicheka. Nilicheka hata mimi kidogo, kabla ya kuona uso wa mama.

Jumatatu shuleni wenzangu walipanga mstari kunipa mkono. "Pole, Tereza. Tumesikia mmefiwa." "Alikuwa mjomba au shangazi?" "Matanga mnaanua lini?" Mwalimu wetu, mgeni katika mtaa, aliuliza kwa huruma ni nani aliyefariki, na darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko.

Nyumbani kulikuwa kimya zaidi. Mama Kabula aliacha kuja kuazima chumvi. Sikujua mpaka hapo kwamba kutoombwa chumvi ni adhabu. Salamu zilifupishwa, halafu zikawa za kichwa, halafu vichwa vikawa vinatazama ziwani.

Mvua zilipoanza, surua ilipita mlimani. Ilichukua watoto, na mmoja wao alikuwa Kabula mwenyewe. Bibi akachukua mkeka wake akaenda msibani. Mama alimsihi asiende. Alijibu kwamba mtoto yule alikuwa akimletea maji, na hilo lilikuwa kweli. Akatandika mkeka uani katikati ya wanawake, akakaa. Mmoja akainuka, kisha mwingine, bila neno, wakahamia upande wa pili wa ua pamoja na mikeka yao, mpaka bibi akabaki peke yake kwenye eneo ambalo lingetosha ng'ombe. Hakuinuka. Alimlilia Kabula hapohapo, peke yake, mpaka jua lilipotua. Kisha akakunja mkeka. Usiku ule mawe yalianza kunyesha kwenye bati letu.

Balozi alikuja na lugha yake. Hakusema "kufukuzwa". Alisema kwamba ofisi, kwa kuzingatia usalama wa mama yetu, inashauri apumzishwe kwa muda sehemu aliyozaliwa. Baba akampeleka bibi bandarini. Ukerewe hakuwa amebakiwa na mtu isipokuwa mpwa wa mbali ambaye hakuwa na hamu naye. Bibi hakumlaumu baba, wala hakumkumbusha maneno yake. Mimi aliniambia jambo moja tu kabla ya kupanda meli:

"Mbuzi akirudi, mnitunzie."

Alikufa kabla ya mvua nyingine. Habari ililetwa na mchuuzi wa dagaa, tena katikati ya mazungumzo ya bei. Baba alipofika, bibi alikuwa amekwishazikwa. Walimwonyesha sehemu kwenye shamba la mihogo, kisha wakaanza kubishana wao kwa wao kama ni pale au ni kule kwenye mwembe. Alirudi akiwa na udongo kwenye viatu na hakulizungumzia tena jambo hilo mpaka naye alipofariki. Sikumwuliza. Ningemwuliza nini? Mikono yake mwenyewe ilizika fisi, na mama yake akafukiwa na watu waliosahau wapi.

Mwaka jana vijana wa upimaji walifika mtaani kutupimia viwanja ili na sisi tupate hati. Walikuja na chombo chenye miguu mitatu na kopo la rangi nyekundu. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, alisimama mbele ya lile rundo la mawe, ambalo sasa lina majani na paka wa jirani hulala juu yake.

"Shikamoo, mama. Hili ni kaburi?"

Kabla sijajibu, sauti ilitoka kwenye kibaraza cha jirani. Mama Kabula bado yuko hai. Ni kikongwe sasa, huanikwa juani asubuhi kama mtama.

"Kaburi hilo, mjukuu wangu," akasema. "La kwao. Nilikuwepo kwenye mazishi, na pole nilitoa mwenyewe."

"Alizikwa nani, bibi?"

"Si ni bibi yao yule, wa Ukerewe! Tulijaa, we! Zamani watu walikuwa wanazikana."

Nilimtazama nikiutafuta utani ule wa zamani. Haukuwepo. Alikuwa amesahau kwa moyo mweupe kabisa. Miaka imemfanyia hisani ambayo haikutufanyia sisi: imemchukua fisi, ikamlaza bibi mahali pake, na kuwafanya watu wote waliokuwa kwenye lile jiwe kuwa waombolezaji.

"Maana kama ni kaburi, mama," kijana akaendelea, akinielewesha kama mtu anayemtakia mwenzake heri, "njia itapita hapa, kwa hiyo mtalipwa fidia ya kulihamisha. Nyie mkubali tu kwamba aliyelala hapo ni wenu."

Nusu karne nzima, na Serikali bado ilikuwa inamtafuta mwenye mnyama.

"Si wetu," nikamwambia. "Hayo ni mawe tu."

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika. Wetu hatukumzika."

Kijana akayapiga yale mawe rangi nyekundu ili yaondolewe. Mama Kabula, ambaye masikio yake huchagua siku hizi, alilinasa lile neno la mwisho, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

"Hamkumzika? Poleni, jamani. Poleni sana."

Sikumjibu. Baba alikwishajibu siku ile, kwa niaba yetu sote.