Makubadhi ya Kwendea Ujiji

Mwaka ule siujui kwa namba, naujua kwa michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa kama vigae, ndivyo tulivyokula asubuhi na ndivyo tulivyokula jioni, kwa sababu mahindi yalikauka shambani na mtama ukaliwa na ndege. Waliobahatika waliila michembe na karanga. Sisi wa Tabora mjini, mtaa wa Kanyenye, tuliila na maji. Harufu yake ikichemka, tamu halafu ya moshimoshi, mpaka leo ikinifikia puani naliona tumbo la mama. Alikuwa mjamzito, na michembe ndiyo iliyombeba hadi siku ya kujifungua. Haikumvusha. Alimzaa Shabani alfajiri, na alasiri tukamzika.

Nilikuwa binti wa kutosha kutwanga lakini si wa kutosha kuolewa. Nikapewa mtoto. Nilimlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa unga wa michembe hiyo hiyo, nikimlambisha kwa kidole. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Waongo. Mimi sikuzaa na niliujua. Niliujua mabegani, pale fundo la mbeleko lilipokaa mpaka ngozi ikaota sugu. Alipoanza kusema aliniita mama, na wanawake kisimani wakanicheka: "Mtazameni mama asiye na matiti." Nikawajibu kwamba yao yananyonyesha tu, hayalei.

Baba alikuwa seremala, akitengeneza vitanda na makabati katika nyumba za Wazungu wa reli. Huko ndiko alikoona kwamba mtoto wa Kizungu hupewa kitu kila inaporudi siku aliyozaliwa. Kwetu jambo hilo halikuwapo. Siku ya Shabani baba aliijua kwa kuwa ndiyo aliyomzika mke wake, na ilipotimia miaka mitatu sikutarajia zaidi ya dua na kahawa. Lakini asubuhi ile alinawa gundi mikononi, akaniambia: "Mfunge mdogo wako mgongoni, twende dukani. Zawadi utamchagulia wewe, maana wewe ndiye unayemjua." Sijawahi kujivuna kama siku ile. Nilipita mtaani kidevu juu, utadhani nimeposwa.

Dukani kulinuka mafuta ya taa, tende na kitambaa kipya cha merikani. Mwarabu mwenye duka alipotuona akaniuliza, "Binti, leo umemleta mumeo? Mume gani huyu wa kubebwa?" Nikamwambia asimchokoze, akishuka atamkojolea jamvi. Wakacheka, yeye na baba. Vitu vya mtoto vilikuwa vichache: filimbi ya bati, kofia ya mkono, na kibakuli kilichochorwa jogoo. Nikakishika kibakuli, maana Shabani alipenda kuzungumza na majogoo. Baba akatikisa kichwa. "Hicho kitabanduka rangi njiani." Nikashangaa, njia gani, nyumbani ni pale kona tu. Nikachukua filimbi. "Chagua viatu," akasema, akinionyesha makubadhi. Nikacheka. "Viatu vya nini, baba? Huyu namchukua mgongoni."

Baba akasema, "Huko aendako mgongo wako haupo."

Akanieleza pale pale, akiyapapasa yale makubadhi kama anayekagua mbao. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akikaa Ujiji na mkewe alikuwa amezika watoto wote. Angekuja na gari moshi siku ya Ijumaa. Baba hana mke, mimi nitaolewa karibuni, na neno amekwisha kulitoa. Mwarabu aliacha kucheka, akajitia kupanga tende. Ndipo nilipoielewa zawadi ile: nilitakiwa nichague kwa mkono wangu kitu cha kumwondolea mtoto wangu nyumbani. Nikarudisha filimbi, nikasukuma kibakuli. Nikasema, "Sichagui. Wachague wenyewe waliomtaka."

Siku zile binti hakumjibu baba yake hivyo, tena mbele za watu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichagua mwenyewe, makubwa mno, na Ijumaa Shabani aliyaburuta stesheni nzima huku akicheka, akijiona mtu mzima, mpaka mlangoni mwa behewa. Alipoona mimi sipandi ndipo alipolia. Reli ile inafuata njia ya zamani ya misafara. Babu yangu aliipita akiwa mpagazi, na alikuwa akisema njia hiyo haijapata kumuuliza mtu kama anataka kwenda. Nilisimama mpaka moshi ukaisha, mbeleko begani, haina mtu.

Alirudi mara moja tu, baba alipofariki. Mwanamume mwenye ndevu, maneno yake ya kule ziwani. "Shikamoo dada," akasema kwa adabu, kama anayemsalimia mke wa imamu. Nikaitikia marahaba. Akakaa na wanaume, akala, akaondoka na treni ya kesho yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hakulingoja.

Juzi binti yake amenipigia simu kutoka Kigoma. "Shangazi, mzee anatimiza miaka, tunamkatia keki. Tutajie zawadi ya kumfurahisha. Wewe ndiye dada yake, unajua anachopenda." Leo maduka ya Kanyenye yamemwagika mpaka barabarani, na wajukuu zangu kule mtaa wa Cheyo wanachagua zawadi kwenye simu huku wamelala. Zamani vitu vilikuwa vichache na mtu wangu nilimjua mpaka jasho lake. Sasa vitu havina hesabu na mtu mwenyewe simjui. Sijui kama anavaa kanzu au suruali, kama anakunywa chai ya sukari. Najua tu kwamba akisinzia alikuwa akilishika sikio langu kwa vidole viwili mpaka usingizi umchukue. Kitu hicho duka gani linauza? Na ukimwambia mtu mzima mwenye wajukuu, atakuona umechanganyikiwa.

"Shangazi, unanisikia? Taja chochote tu."

Nikamwambia, "Sichagui. Wachague wenyewe waliomtaka."